Siku Walipodhani Tumebeba Damu

Tangu nirudi Morogoro, kila ninayekutana naye ananikagua usoni kwanza kabla ya kunisalimia. Kuna aliyesikia gari letu lilichomwa moto. Kuna aliyesikia dereva amefariki. Mama yangu mdogo kule Turiani alishafunga mizigo ya kuja msibani, akawa anasubiri tu kuambiwa msiba ni wa nani. Hakuna aliyekufa na gari liko nyuma ya ofisi, limejaa vumbi jekundu. Lakini yaliyotupata yalinishtua kiasi kwamba mpaka leo nikisikia sauti za watu wengi nje ya dirisha, naenda kwanza kuhakikisha mlango umefungwa. Kwa kuwa kila mmoja wenu ananiuliza kwa wakati wake, nimeona niandike mara moja, msome wote.

Tulikuwa watatu. Mimi mnanijua, kazi yangu ni viumbe wadogo wa majini, wale wasioonekana kwa macho. Elia ni mwenzangu kazini, yeye anachunguza ndege, kijana mwenye kicheko cha karibu. Wa tatu ni Mzee Shabani, dereva, Mnyaturu wa Ikungi aliyehamia Morogoro zamani na bado anasema "kwetu" akimaanisha Singida. Tulikuwa tunakwenda kuchunguza maziwa ya huko: kwa nini maji yanabadilika rangi, samaki wanapungua na ndege wanahama.

Bondeni, Kintinku

Hadi Dodoma hakuna la kusimulia. Tulipofika Kintinku, bondeni kabla ya kupanda mlima kuelekea Manyoni, tukaingia kwa mama ntilie mmoja kula wali na kambale. Mama huyo alikuwa mchangamfu, akataka kujua wageni tunatafuta nini.

"Tunatafuta mwani, mama," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. Akageuka akamwuliza mtu aliyekuwa jikoni, wakabishana kwa Kigogo, kisha akarudi na uso wa masikitiko. "Hapa hayupo. Kuna Mwanaidi, kuna Mwantumu. Huyo Mwani labda alishaolewa akahama."

Elia alicheka mpaka akapaliwa na wali. Nikamweleza mama kwamba mwani ni ule utando wa kijani unaoota majini. Akashusha pumzi. "Kumbe mnatafuta uchafu! Huo si wa kutoka Morogoro kuufuata. Njoo nyuma ya nyumba nikupe kwenye pipa."

Nawasimulia haya mjue kwamba tulianza safari tukiwa watu wa kucheka.

Kilimatinde na Manyoni

Kwenye mpando, rejeta ikachemsha. Mzee Shabani alisimamisha gari, akafungua boneti, mvuke ukamrukia, akarudi nyuma akiita majina ya mababu zake. Tulivutwa na lori la mkaa hadi Kilimatinde, ambako dada yake Mzee Shabani, muuguzi mstaafu, alitupokea kama watoto waliorudi kutoka shuleni. Alitupa uji wa mtama wenye maziwa ya mgando na ndoo za maji ya kuoga. Asubuhi nilisimama ukingoni mwa mlima nikaangalia bonde lote chini, kijani cha mashamba ya mpunga kikipotelea kwenye weupe wa chumvi. Kwa mbali maji yanapendeza sana. Nilipiga picha, nikawatumia baadhi yenu.

Manyoni ndipo tulipopotezea muda. Fundi alisema kifaa kinachohitajika kiko Dodoma, kitakuja na basi. Basi lilikuja na kifaa cha gari la aina nyingine. Likaja jingine, nalo likapitiliza na mzigo wetu hadi Itigi. Sisi tukawa wakazi wa Manyoni. Tulikula mishkaki kando ya stesheni, tukanunua asali, na Elia akaanza kusalimiwa kwa jina na wauza karanga.

Hapo katikati nilikuwa nampigia simu mwenyekiti wa kijiji tulichokuwa tunakwenda. Alikuwa amewatangazia wananchi kwamba wageni wa utafiti wanakuja, akawatajia na siku. Siku hiyo ikapita tukiwa kwa fundi. Simu yake haikupatikana. Nikamtumia ujumbe nikajua atausoma. Hakuusoma, kwa sababu simu yake ilikuwa imeangukia kisimani.

Singida mjini

Singida tuliingia mchana. Mji ule una maziwa mawili, yako hapohapo mjini, na mawe makubwa yamekaa kana kwamba yalipangwa na mtu. Tulikula kuku wa kienyeji, yule wa Singida mnayemsikia, mgumu kidogo lakini mchuzi wake unakusahaulisha ubishi wote. Mzee Shabani aliomba shingo, akasema anayekula shingo yuko kwao.

Jioni tulitembea kando ya maji. Niliona uzio wa nyumba umezama, nguzo tu zimebaki juu, na mama mmoja akianua nguo kwenye kamba iliyofungwa kwenye mti uliosimama ndani ya maji. "Ziwa lilikuja lenyewe," alituambia, kama mtu anayemzungumzia jirani msumbufu. Nikajiambia kwamba nimeona kikubwa cha safari hii. Sikujua.

Ziwa Munyu

Tulipita Mgori asubuhi, tukaacha msitu upande mmoja, tukaendelea kwa njia ya vumbi. Jina la kijiji nitalificha kwa heshima yao. Mbele yake kuna ziwa dogo ambalo wenyeji wanaliita Munyu, kwa sababu maji yake yana chumvichumvi ambayo ng'ombe wanaipenda. Kwa kuwa tulikuwa tumechelewa sana, na kwa kuwa jua likipanda vipimo vinaharibika, tuliamua kwenda ziwani kwanza, kisha ndiyo tupitie kijijini kujitambulisha. Njia ya ziwani haipiti kijijini.

Harufu ilitangulia. Mzee Shabani alifunga vioo, haikusaidia. Tulipotokeza juu ya kilima kidogo, Elia ambaye alikuwa anasimulia kitu alikatiza neno katikati.

Ziwa lilikuwa kama mtu amemwaga ndoo baada ya ndoo ya rangi ya kupaka milango. Kijani kizito, kinachong'aa, kimeganda pembezoni kama maziwa yaliyowekwa siku nyingi. Hakukuwa na wimbi wala mlio wa ndege. Ukingoni kote kulikuwa na vitu vyeupe-waridi ambavyo kwa mbali nilidhani ni mifuko ya plastiki. Vilikuwa heroe, wale ndege wenye miguu mirefu ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Wamekufa, shingo zimejikunja ovyo, mmoja juu ya mwingine, na samaki wamekwama katikati ya manyoya yao.

Elia alishuka akatembea hadi ukingoni, akachuchumaa. Nilidhani anakagua pete ya mguuni mwa ndege. Kumbe alikuwa analia.

"Dada, mwaka jana nilikaa hapa na kiti," akasema. "Nilishindwa kuwahesabu kwa wingi."

Mimi sikulia. Nilifanya kile ninachofanya nikishtuka, nikaanza kazi haraka. Tulivaa glovu, barakoa na buti ndefu. Nilivuta maji kwa mabomba ya sindano makubwa, yale yasiyo na sindano, nikayachuja, nikayatia kwenye chupa ndogo. Kila chupa niliidondoshea iodini. Dawa hiyo inawagandisha viumbe wale wasioze njiani, na inayapa maji rangi ya kahawia yenye wekundu. Elia aliweka ndege wachache kwenye mifuko. Tukapanga kila kitu ndani ya masanduku ya barafu.

Nikainua kichwa mara moja nikamwona mwanamume juu ya kilima, na fimbo ya kuchungia. Nikampungia mkono. Hakunipungia. Akageuka akaondoka kwa kasi.

Gogo

Kwenye mwingilio wa kijiji palikuwa na gogo limelazwa katikati ya barabara. Mzee Shabani alipunguza mwendo, akasema kwa sauti ndogo, "Kaeni ndani." Watu wakatoka nyuma ya nyumba, nyuma ya maghala, kila upande. Wanaume wenye fimbo na mapanga, wanawake wenye michi. Mbele yao ni yule mwanamume wa kilimani. Baadaye nilijua jina lake ni Athumani.

Mzee Shabani alishusha kioo akawasalimia kwa Kinyaturu. Nilitegemea watalegea, kama watu wanavyolegea wakisikia lugha ya kwao. Mmoja akajibu kwa Kiswahili, "Ndivyo wanavyofanya. Wanatafuta mtu wa kwetu wawe wanamtanguliza."

"Fungueni nyuma," Athumani akasema.

Elia alifungua. Masanduku yakashushwa. Mtu akanyanyua kifuniko, na mimi kwa mara ya kwanza nikaviona vitu vyangu kwa macho yao: mabomba ya sindano, glovu, barafu, na safu za chupa ndogo zenye maji mekundu-kahawia, kila moja na namba.

Mwanamke mmoja alipiga ukelele. "Damu! Jamani, damu ya watu!"

Sijui niwaelezeje. Mnasikia habari za mumiani tangu utotoni, za watu wanaozunguka kunyonya damu za watu, mnazicheka. Mimi niliona watu wazima wakitetemeka kwa hofu ya kweli kabisa, na waliyekuwa wanamwogopa ni mimi. Walimvuta Elia akaangukia magoti, akapigwa mdomoni. Mzee Shabani alipigwa fimbo ya bega. Chupa ya kwanza ilipigwa chini, kisha nyingine, na nyingine. Kazi yote ya asubuhi ikanywewa na mchanga.

Athumani aliokota chupa moja iliyobaki, akaja nayo mpaka usoni kwangu. "Mama, hii ni nini?"

"Ni maji ya ziwa, kaka. Nimeyatia dawa."

"Kama ni maji, kunywa."

Niliishika chupa. Maji yale yalikuwa na sumu ya ziwa, na juu yake dawa isiyonyweka. Nisipokunywa, nimejishtaki mwenyewe. Nakumbuka nilimtazama mtoto mgongoni mwa mama mmoja, ananitumbulia macho huku ananyonya kidole, nikawaza: huyu ndiye atakayeniona nikifa.

"Sinywi," nikasema. "Haya maji yanaua. Lakini nileteeni maji yenu wenyewe, ya kunywa, niwaonyeshe rangi inavyotoka."

Wakabishana. Mwishoni yule mama mwenye mtoto mgongoni, anayeitwa Pili, muuza viazi vitamu vya kuchemsha, akaleta kikombe cha maji na kukiweka kwenye boneti pamoja na sinia lake la viazi, mbali kidogo nami. Nilidondosha iodini. Maji yakageuka, rangi ileile. Watu wakasogea. Nikasikia mtu akisema, "Kumbe." Nikaanza kupumua.

Nikaondoa kichupa. Tone moja likadondoka nje ya kikombe, likaangukia kiazi kwenye sinia la Pili. Palepale pakageuka peusi ti, kama pameungua.

Wote walirudi nyuma kwa pamoja.

"Sumu!" Athumani akapaza sauti. "Mmeona wenyewe! Ndiyo iliyoua ng'ombe wangu!" Akanyanyua fimbo, nami nikafumba macho.

Fimbo haikushuka. Nilisikia sauti ya Pili, kali, ya mtu aliyekasirika. "Acheni! Acheni jamani, hiyo ni iodini. Tuliifanya shuleni, kidato cha pili. Ukiweka kwenye muhogo inakuwa nyeusi, kwenye kiazi nyeusi, kwenye ugali nyeusi. Ni ule wanga. Hata wewe Juma ulikuwepo, si ulimwagia shati la mwalimu?"

Mwanamume mmoja mwenye panga akaangalia chini. "Ni kweli," akasema. "Lilikuwa jeusi."

Pili alinipokonya kichupa cha iodini, akaenda kwa jirani akarudi na kipande cha ugali, akadondosha mbele ya kila mtu. Kikawa cheusi. Akadondosha kwenye jani, likabaki lilivyo, na ukahawia tu. Akaendelea hivyo, kwenye chumvi, kwenye kipande cha muhogo, kwenye kucha yake mwenyewe, mpaka watu wakaanza kumtajia vitu vya kujaribu. Michi ikaanza kuegemezwa ukutani.

Mwenyekiti alifika na bodaboda akiwa anatweta, akitokea Mgori. Alipoona vioo vya chupa chini, na Elia ana damu mdomoni, aliketi kwenye lile gogo akashika kichwa. "Hawa ndio wale wageni niliowaambia," akasema. "Hawa ndio wale."

Kurudi ziwani

Wengi mmeniuliza kwa nini hatukuondoka palepale. Mzee Shabani alitaka tuondoke, na bega lake lilikuwa limevimba. Lakini nilikuwa nimebakiwa na chupa moja tu, na Athumani hakuwa ameondoka. Alibaki amesimama kando ya gari, watu wakitawanyika, akauliza swali ambalo alikuwa nalo tangu mwanzo.

"Kama si ninyi, ng'ombe wangu wameuawa na nani?"

Ndipo nikaelewa. Walikuwa wamekufa kwa mpigo, wakitoka kunywa maji, wengine wameanguka kabla ya kufika zizini. Mbuzi wa majirani pia. Kijiji kizima kilikuwa kinamsubiri aliyeweka sumu. Tukaja sisi na glovu.

Tukalala kwa mwenyekiti, na asubuhi tukaenda na Athumani ziwani, pamoja na Pili na mwenyekiti mwenyewe. Athumani alibeba masanduku yangu bila kuombwa na bila kunitazama. Niliweka hadubini juu ya boneti, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo, nikatia tone la maji mabichi. Nilipoangalia nilishtuka upya. Nilitegemea kuona aina nyingi zikiwa zimechanganyika. Niliona aina moja tu, vinyuzi vya kijani vilivyojikunja, vimejaa mpaka hakuna pa kupita mwanga. Niliijua. Ni ile inayotoa sumu inayoharibu ini.

Nikamwita Athumani. Aliinama, akafumba jicho moja, akakaa muda mrefu.

"Wamejaa," akasema. "Nani aliwaweka?"

"Walikuwepo siku zote, kidogokidogo. Wakipata chakula kingi, na jua, wanazaana mpaka wanaua kila kitu."

"Chakula gani? Nani anawapa?"

Sikuwa na namna ya kulizunguka. Nikamwonyesha mteremko. Mashamba ya alizeti yalikuwa yameshuka hadi kwenye maji, hakuna hata ukanda wa majani uliobaki. Mvua ikinyesha, udongo, mbolea na samadi vyote vinaingia ziwani, na juu kule miti iliyokuwa inazuia imekatwa.

Aliangalia mteremko ule. Pili akageukia pembeni, na mwenyekiti akakohoa.

"Lile la chini kabisa ni langu," Athumani akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba si lake peke yake, ni la wote, na joto nalo, na miaka. Nilisema baadhi. Sidhani alisikia. Nikamwambia la muhimu: mifugo isinywe tena pale, watoto wasioge, samaki waliokufa wasiliwe.

"Basi wanywe wapi?"

Nimesoma miaka mingi, wenzangu. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu maji. Kisima cha kijiji kinatosha watu tu, tena kwa foleni. Aliyejibu ni mwenyekiti, akasema kuna korongo la mchanga upande wa juu ambako zamani walikuwa wanachimba. Tukaenda. Athumani alichimba kwanza kwa mikono, kisha watu wakaja na majembe, wakiwemo waliokuwa na mapanga jana yake. Maji yalitoka, machache, ya rangi ya mchanga. Nikayapima, nikayaangalia kwenye hadubini mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hayakuwa na vile vinyuzi. Ng'ombe waliobaki walisukumana kwenye kashimo kale, wakayanywa yote, ikabidi kusubiri yajae tena.

Tuliondoka na maji mapya ya ziwa kwenye chupa za akiba. Pili alitufungia viazi vitamu. Hakuna aliyetuomba msamaha kwa maneno, ila mzee mmoja alimfunga Mzee Shabani bega kwa kitambaa chenye mafuta ya alizeti, akimsemesha kwa Kinyaturu njia nzima hadi garini.

Nyumbani

Maabara imethibitisha. Sumu imo, nyingi kuliko nilivyohofia. Nilimpigia Athumani kumwambia, maana alikuwa ameniachia namba yake bila kusema kwa nini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema wanachimba zamu kwa zamu korongoni, na kwamba wafugaji wanaopita na mifugo yao kutoka mbali wanagomba, wanadhani kijiji kinawanyima ziwa. Juzi ilibaki kidogo wapigane. Amekuwa akisimama pale ukingoni mwa ziwa yeye mwenyewe kutwa, anawazuia.

"Na lile shamba la chini nimeliacha," akasema. "Nimeng'oa alizeti yenyewe ikiwa imeshafunga vichwa. Mke wangu hanisemeshi."

Nikamwambia amefanya jambo kubwa.

"Sasa ziwa litapona lini?"

Nilimwambia kweli. Kwamba sijui, kwamba huenda ikachukua miaka, kwamba huenda shamba lake peke yake lisitoshe, na kwamba wengine wasipoacha ya kwao, huenda lisipone.

Nikasikia ng'ombe nyuma yake na mtu akipaza sauti kwa mbali.

"Ngoja," akasema. "Kuna watu wanashuka na mifugo." Akaniacha hewani, simu haikukatwa, nikabaki namsikiliza akikimbia.